Kabla hujaenda kukopa, chenjua kwanza marudio ya duka lako

Leo nina maoni ambayo najua wengine hamtayapenda, hasa nikifika kwenye suala la "bei njoo inboksi". Vumilieni, ni ndefu kidogo.

Mimi ni mdada wa miaka 26, kidato cha nne ndo mwisho wangu, biashara sijafundishwa darasani. Nauza viatu, mikoba na nguo za kike, pamoja na gambuti za wachimbaji, hapa Nyarugusu. Nyarugusu ya Geita jamani, ya dhahabu, siyo ile yenye kambi ya wakimbizi kule Kasulu, Kigoma. Nalisema hilo mapema kwa sababu mzigo wangu wa kwanza kutoka Kariakoo ulienda kulala Kasulu siku nane, kisa niliandika "Nyarugusu" tu. Nina fremu ndogo, ila zaidi ya nusu ya mauzo yangu yanatoka WhatsApp na Facebook: Katoro, Rwamagasa, Bukoli, mpaka Kakola.

Kwa msiojua mambo ya huku, mchimbaji akitoa mawe kwenye duara, yanasagwa kwenye karasha, ule unga unaoshwa kwa maji, halafu dhahabu inakamatwa kwa zebaki. Lakini zebaki haikamati yote. Mchanga unaobaki tunauita marudio, na ndani yake bado kuna dhahabu, wakati mwingine nyingi kuliko iliyotoka. Wenye mitambo ya kuchenjua kwa sayanaidi wanayanunua hayo marudio, wanayaloweka kwenye matenki, wanatoka na hela. Aliyepambana na mwamba miezi sita anaangalia tu.

Sasa kwenye magrupu yetu ya biashara kila siku wimbo ni mmoja: mtaji mdogo, mtaji mdogo. Mwingine anasema lipia tangazo, ongeza wafuasi. Sisemi mtaji hauhitajiki. Nasema wengi wetu tunalilia duara jipya wakati marudio yamejaa nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa hivyo, na kuna mtu aliumia kwa sababu yangu.

Desemba 2024 niliuza sana. Ilikuwa sikukuu, halafu kuna duara huku lilikuwa limetema, vijana wana hela, wananunulia wapenzi wao viatu bila kuuliza mara mbili. Januari nafungua daftari nione faida, naona kodi ya fremu sina. Yaani nimehangaika mwezi mzima mpaka sauti imekauka, kodi sina.

Nikafanya wanachofanya wengi. Kwanza nikamlaumu mfanyakazi. Nilikuwa na binti ananisaidia kufunga mizigo. Mwezi ule alikosea saizi za viatu mara nyingi, wateja wanarudisha, nauli ya kwenda na kurudi iko juu yangu. Nikamkata 45,000 kwenye mshahara wake wa 100,000, na katikati ya Januari nikamwambia asirudi. Alilia. Mimi nikajiona nimekuwa bosi kweli, mtu asiye na mchezo na pesa.

Pili nikaenda kuulizia mkopo. Mnaijua ile mikopo ya kausha damu. Nilitaka 2,000,000, rejesho kila wiki, dhamana friji na televisheni. Fomu nikajaza, ikabaki kusaini Jumatatu.

Jumapili usiku mtoto wangu akashikwa na homa kali. Jumatatu asubuhi badala ya kwenda kusaini nikawa nimekaa kwenye benchi la kituo cha afya, na ukutani mbele yangu kuna karatasi kubwa imeandikwa S tano: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Nimeisoma labda mara hamsini, maana sina kingine cha kusoma na simu imeisha chaji. Nesi alipomaliza na mtoto nikamuuliza, dada, samahani, hii sasambua ndo nini? Akacheka. Akafungua droo yake akanionyesha: sindano huku, bomba huku, kila kimoja kina kibandiko chake. Akaniambia zamani walikuwa wanatafuta kifaa mpaka mgonjwa anaanza kulia, sasa hivi wananyoosha mkono tu.

Nikarudi nyumbani nikaanza kutafuta. Kumbe huu utaratibu ni wa Wajapani, na Tanzania haujaingia jana. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza nao mwaka 2007, Wizara ya Afya ikishirikiana na JICA, lile shirika la misaada la Japani, halafu ukasambaa kwenye hospitali nyingine. Kwa upande wa viwanda, Wizara ya Viwanda nayo ilianza mradi na JICA mwaka 2013, wanauita kaizen. Maana yake ni kuboresha, na kwao ni kuboresha kidogo kidogo bila kuacha. Ukifuatilia zaidi unafika Toyota. Hizi Noah na Probox zinazotupeleka Katoro tumebanana kama dagaa, zimetoka kwa watu waliokaa wakahesabu mpaka hatua za miguu za mfanyakazi.

Injinia wao mmoja, Taiichi Ohno, aligawa upotevu katika aina 7: kutengeneza kuliko inavyohitajika, kusubiri, kuhamisha vitu bila sababu, kazi ya ziada isiyo na faida kwa mteja, mzigo kulala stoo, mtu kutembea tembea, na makosa. Halafu kuna kitu kilinichekesha. Neno la Kijapani la upotevu ni "muda". Kwa herufi zetu linaandikwa hivyo hivyo. Wao wakisema muda wanamaanisha kitu kinachopotea bure, sisi tukisema muda tunamaanisha saa na dakika. Nikaliandika kwenye karatasi nikalibandika juu ya meza ya kufungia mizigo.

Mkopo sikusaini. Nikasema najipa wiki mbili za kuandika tu. Sibadilishi chochote, naandika kila oda na kila kitu kinachoenda vibaya.

Wakati huo nilikuwa nimemchukua binti wa shangazi yangu, amemaliza kidato cha nne juzi juzi, ana akili, ana mwandiko mzuri. Wiki ya kwanza akakosea saizi mara tano. Mtoto mwenye akili kabisa! Wiki mbili zikaisha: oda 63, zilizorudi 11. Kila iliyorudi ilinila kama 6,000 ya usafiri wa kwenda na kurudi. Hiyo ni 66,000 kwa wiki mbili. Kwa mwezi ni 132,000. Mshahara wa binti ni 100,000. Yaani makosa yalikuwa yanalipwa zaidi ya mfanyakazi.

Nikasema hapana. Mabinti wawili tofauti, kosa lile lile, basi tatizo siyo binti.

Toyota wana kawaida ya kuuliza "kwa nini" mara tano mpaka wafike kwenye mzizi. Nikajaribu. Kwa nini mteja amerudisha kiatu? Kimembana. Kwa nini kimembana? Ametumiwa 38, yeye alitaka 39. Kwa nini ametumiwa 38? Binti alisikia 38. Kwa nini alisikia, kwa nini asisome kilichoandikwa? Kwa sababu oda zinaingia kwenye simu yangu, na mimi namtajia kwa mdomo huku napika au niko juu ya boda. Kwa nini nisimwachie simu? Hapo nikanyamaza. Jibu lilikuwa simwamini. Naogopa atachukua namba za wateja, naogopa ataona nani kanitumia meseji gani.

Basi. Viatu vilikuwa vinarudi kwa sababu ya roho yangu mwenyewe. Na yule binti wa kwanza nilishamkata hela na kumfukuza.

Nilinunua simu ya dukani, ya mkononi kwa mtu, 90,000. Laini ya biashara ikahamia humo. Anayeshika simu ndiye anayeandika oda kwenye daftari, kisha anamrudishia mteja kwa maandishi: "Dada, ni kiatu cheusi, namba 39, unapelekewa Bukoli, sawa?" Mteja akijibu sawa ndo tunafunga. Kitu cha pili tulichogundua kwenye lile daftari ni kwamba namba za viatu zenyewe zinadanganya. Kiatu kimeandikwa 39 kumbe wayo wake ni wa 38. Sasa tunamwambia mteja akanyage karatasi, aweke alama kisiginoni na kwenye kidole kirefu, apime kwa rula atutajie sentimita. Sisi tumepima kila aina ya kiatu kwa ndani, tumeandika kwenye boksi. Wanaoona usumbufu wapo, wachache. Baada ya mwezi nikaandika tena wiki mbili: oda 58, zilizorudi 2.

Mmeona oda zimepungua, kutoka 63 mpaka 58? Nimewaachia hiyo namba makusudi, kwa sababu ndo inatupeleka kwenye bei.

Katika zile wiki mbili za mwanzo watu 171 waliniuliza bei. Walionunua 63. Watu 108 waliuliza, nikawajibu, wakapotea. Kila mmoja nilikaa naye dakika tatu, wengine kumi: "bei gani dada", "mwisho ngapi", "nitakucheki". Piga dakika tatu mara 108, ni zaidi ya saa tano. Ndo ule muda wa Kijapani na wa Kiswahili kwa pamoja.

Nikaanza kuandika bei kwenye kila picha, stetasi na Facebook. Bei, saizi zilizopo, na nauli ya kufikisha kila sehemu. Walioandika wakashuka mpaka 80, walionunua 58. Mauzo yalipungua kidogo, mimi nikapata saa zangu, na faida ikapanda kwa sababu viatu havirudi. Mimi kwa maoni yangu "bei njoo inboksi" ni uvivu wetu tunaoubandika kwa mteja. Najua mtaniambia washindani wataona bei yangu. Ndugu yangu, mshindani wako anakuuliza bei kila wiki akijifanya mteja, na namba ngeni. Najua kwa sababu na mimi nilikuwa nafanya hivyo. Mtaniambia pia watu wa huku wanapenda kupatana. Kweli wanapenda, ndo maana chini ya bei naandika "ukichukua pea mbili napunguza 3,000". Anayetaka kupatana anapata pa kuanzia, na mimi nauza pea mbili.

Kwenye vitu vya bei kubwa sana, mfano magauni ya harusi, sina uhakika. Siuzi hivyo, anayeuza ndo ajuaye.

Sasa mzigo uliolala. Hii iliniuma kuliko yote.

Siku ya sasambua tulifunga duka nusu siku, tukatoa kila kitu nje, tukapanga kwa mafungu: kinachotoka kila wiki, kinachotoka mara moja moja, na ambacho hakijaguswa miezi mitatu. Fungu la tatu nikalipigia hesabu kwa bei niliyonunulia. 1,340,000. Mzigo wote dukani ulikuwa kama 3,100,000. Yaani nilikuwa naenda kuweka friji rehani nipate milioni mbili, wakati milioni moja na laki tatu na arobaini imelala chini ya meza inaliwa na vumbi. Humo ndani kulikuwa na pea 22 za viatu vya kisigino kirefu. Kisigino kirefu, Nyarugusu, kwa matope haya ya masika! Nani alinituma?

Nikaviuza kwa hasara, wiki tano, nikapata kama 800,000. Kuna mtu aliniambia nisiuze chini ya bei niliyonunulia kwa sababu ni mkosi. Mimi naona mkosi ni kuviangalia mwaka mzima. Kodi ya fremu ilitoka humo.

Kwa nini nilikuwa nanunua hovyo hivyo? Kwa sababu Mwanza nilikuwa naenda mara moja kwa mwezi. Ukishafunga safari, ukaja ukakaa foleni ya kivuko Busisi, ukalala Mwanza, unasema ngoja nijaze, maana sirudi leo wala kesho. Unanunua kwa kubahatisha mwezi mzima unaokuja. Unaona kiatu kinang'aa pale Makoroboi, unachukua dazeni.

Hapo ndo daraja lilinibadilishia hesabu. Daraja la J.P. Magufuli, la Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya ziwa, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Palipokuwa pa kusubiri kivuko sasa gari linapita dakika chache. Wengi tulipiga picha tukaweka stetasi, halafu tukaendelea kununua mzigo kama vile kivuko bado kipo. Mimi nilichukua muda kuelewa kwamba njia ikiwa fupi, mzigo nao unaweza kuwa mdogo. Siku hizi siendi. Nina muuzaji ninayemwamini, ananitumia video, naagiza Jumanne na Ijumaa kile kilichouzika tu. Zamani safari moja ilinila kama 70,000, nauli, kula na kulala. Sasa kifurushi ni 8,000, mara nane kwa mwezi ni 64,000. Karibu sawa, ila hela yangu hailali tena na siku mbili zangu zimerudi.

Usinielewe vibaya ukaenda kumaliza stoo yako yote. Anayeagiza China au anayejaza kontena na wenzake hesabu yake ni nyingine, lazima akusanye. Hata mimi gambuti sizifanyii hivyo. Gambuti naweka za kutosha muda wote, kwa sababu duara likitema leo, kesho asubuhi wako vijana thelathini mlangoni, na hawatasubiri Ijumaa. Toyota wenyewe walijifunza. Baada ya tetemeko na tsunami ya mwaka 2011 wakawaambia wasambazaji wao wa vile vifaa vidogo vya kielektroniki wawe na akiba ya miezi kadhaa, na vilipoadimika dunia nzima mwaka 2021 walikuwa na nafuu kwa muda kuliko wengi. Kwa hiyo huu utaratibu siyo kuishi bila akiba. Ni kujua akiba ipi umeiweka kwa sababu, na ipi imekaa tu.

Narudi kwa binti, maana hapa ndo wengi tunapokosea. Tukisikia kuboresha biashara, tunafikiria mfanyakazi akimbie zaidi. Mimi pia nilianza hivyo, nikaanza kumhesabia dakika. Halafu nikasoma kwamba Ohno alikuwa anachora duara kwa chaki sakafuni, anamsimamisha humo meneja, siyo mfanyakazi, aangalie kazi inavyokwenda kwa saa nyingi mpaka aone mwenyewe. Jumamosi moja nikakaa kwenye ndoo pembeni, saa nzima, mdomo umefungwa. Ilikuwa ngumu jamani. Binti alienda chumba cha nyuma mara 14. Mara 14 kwa saa moja! Mkasi uko nyuma, gundi ya karatasi iko nyuma, chaja iko nyuma. Na nyuma nilikuwa nimeviweka mimi, eti meza ionekane nzuri kwenye picha. Mkasi tukaufunga kamba ya kiatu kwenye mguu wa meza. Gharama yake sifuri.

Tangu hapo kila Jumapili jioni tunakaa kama dakika ishirini, namuuliza kitu kimoja: nini kilikukera wiki hii? Siulizi "una wazo gani", maana ukiuliza hivyo anaona kama mtihani. Ukiuliza kilichomkera anatiririka. Maboksi kugeuzwa namba ionekane kwa mbele ni yeye. Kuchagua siku ya kuagiza kufuatana na siku ambazo oda za Kakola zinaingia ni yeye. Mimi nilikuwa sijaona.

Kitu kingine, mzee Sakichi Toyoda, ambaye familia yake ndo ilianzisha Toyota, alitengeneza mashine ya kufuma nguo inayojisimamisha yenyewe uzi ukikatika. Baadaye kwenye viwanda vya magari mfanyakazi akaruhusiwa kuvuta kamba kuomba msaada, na tatizo lisipoisha kazi inasimama. Mfanyakazi wa kawaida. Nikamwambia binti, na wewe una kamba: ukiona mzigo una shaka, usitoke, hata mimi nikisema utoke.

Wiki hiyo hiyo akaivuta. Dereva wa mchomoko wa Katoro anapiga honi, mzigo uko mkononi, binti anasema dada subiri. Nikafoka mbele ya watu: toa huo mzigo, gari linaondoka! Hakutoa. Gari likaondoka. Tukafungua, ndani mkoba wa mteja wa Rwamagasa. Wateja wawili majina yao yanafanana. Nilipomwangalia macho yalikuwa yameshajaa machozi kwa ile foka. Nilimwomba msamaha pale pale, mbele ya watu wale wale. Kuna siku nyingine amesimamisha, gari limetuacha, na mzigo kumbe uko sawa kabisa. Siku hiyo nilimeza mate nikasema asante. Ukimkaripia mara moja tu, hatavuta tena, na wewe utaendelea kulipa nauli za kurudisha viatu.

Na mshahara. Mwezi wa nne baada ya kuanza nilimpandishia kutoka 100,000 mpaka 130,000. Kuna rafiki yangu anauza vipodozi akaniambia nimempa kichwa. Mimi naona kama mawazo yake yameniokolea zaidi ya laki kwa mwezi na yote naitia mfukoni, atakuwa mjinga akiendelea kunipa mengine. Bosi anayetaka mawazo ya bure anataka marudio ya mwenzake bila kuyanunua.

Mwisho nina hadithi moja ya Toyota ambayo kwenye video za hamasa huwa hawaisemi. Mwaka 1950 ile kampuni ilikuwa inakaribia kufa, hela hakuna, wafanyakazi wamegoma. Zaidi ya 1,500 waliondoka kazini. Lakini Kiichiro Toyoda, mwanzilishi mwenyewe, naye akajiuzulu urais wa kampuni. Niliisoma usiku, nikashindwa kulala. Mimi nilimtoa mtu kazini kwa kosa langu, na mimi nikabaki.

Nilikaa nalo miezi kadhaa, nikijiambia ameshasahau. Agosti nikaenda. Alikuwa ameanza kuuza mwenyewe, sandozi na ndala kwenye kibanda karibu na stendi, na stetasi yake nilikuwa naiona, anaandika bei kila picha kabla hata mimi sijaanza. Nikamweleza yote, namba 38 na 39, simu, daftari. Nikampa ile 45,000 niliyomkata, na nyingine 50,000 ya nusu mwezi ambayo sikumlipa. Nikamwambia nafasi ipo akitaka kurudi.

Alihesabu hela taratibu, akaziweka kwenye kibegi chake. Akasema, "Asante dada, ila mimi nilikwambia siku ile kwamba sisikii vizuri ukiongea uko kwenye boda." Halafu akamgeukia mteja aliyekuwa anasubiri, akamuuliza anavaa namba ngapi.